Hesabu ya usingizi wa mtoto inakwamia kwenye gari la shule

Tarehe 11 Novemba 2022, Baraza la Mawaziri la Rwanda lilipitisha uamuzi ambao huku kwa majirani ulipita kama habari ya siku moja. Kuanzia Januari 2023, masomo yangeanza saa 2:30 asubuhi badala ya saa 1:00, na kazi za ofisini zingeanza saa 3:00. Baadhi yetu tulicheka. Serikali nzima inakaa kikao kuamua watoto waamke saa ngapi? Dar es Salaam, ambako mtoto wa darasa la pili anaweza kuwa kituoni kabla ya saa 11 alfajiri na mkoba unaomzidi mgongo, jambo hilo lilionekana ni deko.

Mimi nadhani Wanyarwanda waliligusa tatizo hili mahali ambapo sisi hatutaki kugusa. Kwetu usingizi wa mtoto ni suala la malezi. Mtoto akisinzia darasani, mwalimu atauliza: "Nyumbani mnalala saa ngapi?" Mzazi ataitwa, atapewa nasaha kuhusu televisheni na simu, ataahidi kurekebisha, na kesho yake gari litapiga honi saa ileile.

Lipo jedwali la saa za kulala ambalo kila baada ya muda huzunguka kwenye magrupu ya wazazi. Hutumwa Jumapili usiku, mara nyingi na mzazi ambaye watoto wake wakati huo bado wanatazama katuni. Wengine hujibu kwa vidole gumba, mmoja huandika "asante kwa elimu," na maisha yanaendelea. Takwimu za jedwali hilo, likiwa halijachakachuliwa, ni za kuaminika. Mwaka 2016 chama cha wataalamu wa tiba ya usingizi cha Marekani, AASM, kilikusanya mabingwa 13 waliopitia makala 864 za kisayansi, wakakubaliana hivi: mtoto wa miezi 4 hadi 12 apate saa 12 hadi 16 kwa siku, usingizi wa mchana ukiwemo, wa mwaka 1 hadi 2, saa 11 hadi 14, wa miaka 3 hadi 5, saa 10 hadi 13, wa miaka 6 hadi 12, saa 9 hadi 12, na kijana wa miaka 13 hadi 18, saa 8 hadi 10. Mtu mzima alishatangaziwa mwaka mmoja kabla: saa 7 au zaidi, kila usiku. Kichanga wa chini ya miezi 4 hawakumpangia kiwango, kwa kuwa watoto wa umri huo hutofautiana mno, ingawa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unamtajia saa 14 hadi 17 katika miezi mitatu ya mwanzo.

Kuhusu hao wachanga sina mengi. Saa ya mwili wao bado haijakaa sawa, hawajui usiku wala mchana, na mama aliyejifungua juzi hahitaji makala ya gazeti kumweleza hivyo. Kinachonishangaza kwenye takwimu hizi ni upana wake. Kati ya saa 9 na saa 12 kuna tofauti ya saa 3 nzima, na watoto wawili wa tumbo moja wanaweza kuwa kila mmoja upande wake, wote wazima wa afya. Kwa hiyo mzazi anayemlinganisha huyu na yule ("mbona dada yako anaamka mwenyewe?") anamwonea mtoto kwa jambo ambalo limo katika maumbile yake. Aliyetosheka utamjua. Huamka bila kuburutwa, hasinzii garini asubuhi, na Jumamosi halali hadi saa 4 kama anayelipa deni. Na aliyepungukiwa usitegemee awe mnyonge kila mara. Watoto wengi wenye njaa ya usingizi huwa watundu, wanarukaruka, wanalia kwa kitu kidogo, hawatulii na kazi moja. Ndiyo maana wanaambulia fimbo badala ya kitanda.

Sasa tupige hesabu. Chukua mtoto wa miaka 8 anayesoma mbali na nyumbani, tuseme anatoka Chanika au Mbezi ya Kimara kuelekea shule ya katikati ya jiji. Kengele ya shule inagonga saa 1:30. Gari linazunguka mitaa kuokota watoto, na ili liwahi kabla foleni haijafunga barabara, wa kwanza anapandishwa saa 10:45 alfajiri. Huyo lazima aamshwe saa 10:00. Ili apate saa 9, ambazo ni kiwango cha chini kabisa kwa umri wake, anapaswa awe ameshalala saa 1:00 usiku, si kuanza kupanda kitandani. Saa 1:00 usiku hata taarifa ya habari ya saa 2 bado. Kama ni yule anayehitaji saa 11 za kulala, anapaswa awe usingizini saa 11:00 jioni, wakati gari lililomchukua alfajiri huenda bado linashusha wenzake.

Hesabu haitoki. Unaweza kuzima televisheni, ukaficha simu, ukapika mapema, ukawa mzazi bora wa mtaa mzima, na bado haitoki.

Simama siku moja kituoni saa 11 kasorobo uone. Dada wa kazi ameshika mkoba kwa mkono mmoja na mtoto kwa mwingine, na mtoto anatembea amefumba macho, anaongozwa. Sweta limevaliwa kinyume. Chai imetiwa kwenye chupa kwa kuwa saa hizo tumbo halipokei kitu. Gari likifika, matroni anampokea kwa kumnyanyua kwapani, anamkalisha dirishani, na kabla mlango haujafungwa kichwa kimeshalalia kioo. Ndani wote wako hivyo, midomo wazi, tai za mpira zimepinda, na dereva amepunguza redio kwa huruma. Huo nao ni usingizi, atasema mtu. Ni usingizi wa kukatika katika kila tuta, kila breki, kila honi ya mwenzao anayeitwa nje. Usingizi mzito, ule ambao mwili huutumia kumwaga homoni ya ukuaji kwa wingi, huja zaidi katika sehemu ya mwanzo ya usiku na unataka utulivu. Saa za mwisho kuelekea asubuhi ndizo zenye usingizi mwingi wa ndoto, ambao nao una kazi yake katika kupanga hisia na kumbukumbu. Anayeamshwa saa 10 hunyang'anywa hizi za mwisho karibu zote.

Najua jibu la wengi: alazwe mapema basi. Nani amlaze? Baba anashuka kwenye daladala saa 2:30 usiku, na kama mtoto ameshalala, hawa wawili wataonana Jumapili. Nyumba za kupanga za chumba na sebule, ambamo watoto wanatandikiwa sebuleni wageni wakishaondoka, hazina mahali pa kumtenga mtoto saa 1:00. Joto la Januari chini ya bati halimwachi hata mtu mzima, na mwili ili usinzie lazima kwanza upoe kidogo. Halafu kuna baa iliyofunguliwa nyumba ya tatu, na Ijumaa kuna kigodoro, ngoma ya kukesha, mtaa wa pili. Baraza la mazingira, NEMC, limekuwa likizipiga faini baa na kumbi kwa ajili ya kelele, na kila likifanya hivyo kuna wanaolalamika kwamba biashara zinaonewa. Sijasikia hata mmoja akitaja kwamba nyuma ya ukuta wa baa kuna mtoto anayesubiriwa na gari alfajiri.

Kwa vijana wa sekondari mambo ni magumu zaidi, na hapo ndipo lawama zetu zinapokosea kabisa. Mary Carskadon wa Chuo Kikuu cha Brown, pamoja na wenzake, walionyesha tangu miaka ya 1990 kwamba mtu akibalehe saa ya mwili wake husogea mbele. Melatonini, homoni inayoutangazia mwili kwamba usiku umeingia, huanza kutoka baadaye kuliko alipokuwa mdogo, na uzito wa usingizi nao hujijenga polepole zaidi. Kijana wa miaka 16 aliyeambiwa akalale saa 3:00 usiku atajigeuza kitandani hadi saa 5:00, simu iwepo isiwepo. Simu inaongeza ubaya, sikatai. Lakini tatizo lilikuwepo kabla yake. Saa 5:00 usiku ukiongeza saa 8 unapata saa 1:00 asubuhi, na kwenye shule nyingi za kutwa saa hiyo mwalimu wa zamu yuko getini na fimbo akisubiri waliochelewa.

Madaktari wa watoto wa Marekani walitoa tamko mwaka 2014 kwamba shule za vijana zisianze kabla ya saa 2:30 asubuhi. Mwaka 2016 jiji la Seattle lilihamisha shule zake za sekondari kutoka saa 1:50 hadi saa 2:45. Wapinzani walisema kile ambacho hata hapa kitasemwa: watoto watachelewa tu kulala, hakuna kitakachobadilika. Watafiti waliwavisha wanafunzi vifaa vya mkononi vinavyopima mwendo na mwanga, kabla na baada. Matokeo yalichapishwa mwaka 2018: wanafunzi waliongeza dakika 34 za usingizi kwa siku ya shule. Dakika 34 zinaweza kuonekana chache, lakini zidisha kwa siku tano za juma. Zaidi ya hapo, katika shule mbili zilizochunguzwa, ile yenye watoto wengi wa familia za kipato cha chini ndiyo iliyoonekana kupata nafuu ya utoro na uchelewaji. Nalitaja hili kwa sababu kwetu kuna dhana kwamba mambo ya usingizi ni ya matajiri. California ilienda mbali zaidi ikaweka sheria, iliyosainiwa mwaka 2019 na kuanza kutumika Julai 2022, inayokataza sekondari zake za juu kuanza kabla ya saa 2:30, isipokuwa baadhi ya shule za vijijini.

Tanzania tuna kisa chetu ambacho sijaona kikijadiliwa vya kutosha. Nchi nzima, kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma, inafuata saa moja. Jua halijui hivyo. Kigoma iko mbali sana magharibi, na jua huchomoza huko karibu dakika 40 baada ya kuchomoza Dar es Salaam. Mwezi Julai linachomoza baada ya saa 1:00 asubuhi, likiwa limefichwa zaidi na vilima. Mtoto wa Kigoma anayetakiwa shuleni saa 1:00 ili afagie uwanja kabla ya mstari mwezi huo anatoka nyumbani gizani na anafika jua likiwa bado halijachomoza. Fuata ziwa kuelekea kaskazini hadi Bujumbura, ambako saa zao ziko nyuma yetu kwa saa nzima. Kengele ya saa 1:30 ya Kigoma ni saa 12:30 kwa Bujumbura, chini ya jua lilelile. Tukisema kwamba Rwanda wanaanza saa 2:30 yao, kwa saa ya Kigoma hiyo ni saa 3:30. Tofauti na mtoto wa Kigoma ni saa mbili kamili za asubuhi, na kati ya Kigoma na mpaka wa Rwanda si mwendo wa nchi za mbali.

Saa ya mwili hutegwa na mwanga wa jua kuliko mshale wa saa ya ukutani. Anayeamshwa giza likiwa bado zito anaamshwa wakati mwili wake unaamini ni usiku. Halmashauri ya Kigoma ingeruhusiwa kupanga kengele zake kwa jua la Kigoma, isingegharimu serikali hata shilingi.

Watetezi wa kuamka mapema wana hoja moja ninayoiheshimu, na hiyo ni ya dini na desturi. Pwani watu wameamka kwa adhana ya alfajiri karne nyingi, na hawakuharibika. Ni kweli. Lakini tazama siku yao ilivyokuwa. Mtu aliswali isha, akala, akalala. Aliamka kwa adhana, na mchana jua likiwa utosini duka lilifungwa, akajinyoosha kwa kailula hadi karibu na alasiri. Mpaka leo kuna mitaa ya Mji Mkongwe na Lamu ambako ukibisha hodi saa 8 mchana utaonekana huna adabu. Siku ile ilikuwa na ncha tatu: kulala mapema, kuamka mapema, na kupumzika mchana. Sisi tumebakiza ya katikati, zile nyingine tukazitupa, kisha tunamwambia mtoto kwamba mababu zake waliweza.

Kuhusu mababu, kuna utafiti unaopaswa kututuliza kidogo sisi watu wazima. Mwaka 2015 wanasayansi walichapisha vipimo vya usingizi vya jamii tatu zinazoishi bila umeme: Wahadzabe wa bonde la Ziwa Eyasi, Wasan wa Namibia na Watsimane wa Bolivia. Tulitarajia tuambiwe kwamba wanalala na kuku. Hawalali na kuku. Kwa wastani walilala zaidi ya saa 3 baada ya jua kuzama, na usingizi halisi uliopimwa ulikuwa kati ya saa 5.7 na 7.1, ingawa muda kati ya kulala na kuamka ulikuwa saa 6.9 hadi 8.5. Ukipima kwa kifaa unapata saa chache kuliko ukimuuliza mtu, maana mtu huhesabu hata dakika alizokuwa akijigeuza. Kwa hiyo mtu mzima anayepata saa 6 na nusu zilizotulia, akaamka mzima na asisinzie mchana, asikimbilie kujitangaza mgonjwa. Lakini waliopimwa hapo ni watu wazima. Asije mwenye shule akalitumia jibu hilo kwa mtoto wa miaka 8.

Wahadzabe haohao wametupa jambo jingine, kuhusu wazee. Kundi la watu wazima 33 lilipimwa kwa usiku 20, matokeo yakachapishwa mwaka 2017. Katika usiku wote huo, dakika ambazo watu wote 33 walikuwa usingizini kwa pamoja zilikuwa 18 tu. Daima kulikuwa na mtu macho, na umri ulichangia kupanga nani awe macho saa ngapi, kwa kuwa wakubwa kwa umri huelekea kulala mapema na kuamka mapema. Watafiti waliona humo ulinzi wa asili wa kambi. Bibi anayeamka saa 9 usiku, akaanza kukohoa makusudi na kusogeza sufuria, huenda hana ugonjwa wowote unaohitaji dawa za usingizi. Mahitaji yake hayajashuka sana, wataalamu wanamtajia saa 7 hadi 8 baada ya miaka 65, ila zimesogea na zimekatikakatika, na pengine sehemu yake anaimalizia mchana kwenye mkeka.

Watu wazima wa umri wa kazi ndio wanaojidanganya kuliko wote. Chuo Kikuu cha Pennsylvania kilifanya jaribio lililochapishwa mwaka 2003: watu wenye afya waliruhusiwa kukaa kitandani saa 6 kwa usiku 14 mfululizo. Mwishoni umakini wao ulikuwa umeshuka hadi kulingana na wa mtu aliyekesha hadi siku mbili. Kibaya zaidi, wenyewe walipoulizwa walisema wanajisikia wamechoka kidogo tu. Uchovu wa namna hiyo humpofusha mwenye nao. Anayesema "mimi nimezoea saa 5" anasema kweli kwamba amezoea. Alichozoea ndicho hakioni.

Na hapa turudi kwa dereva wa gari la shule. Akimpokea mtoto wa kwanza saa 10:45, ameamka saa 9 na kitu, maana gari lazima lifuatwe lilikolazwa, likaguliwe, liwashwe. Jioni ameshusha wa mwisho saa 12 au saa 1, akarudisha gari, akapanda daladala kwenda kwake. Mchana baadhi yao wanapewa safari nyingine ili gari lisikae bure. Saa 7 za mtu mzima anazipata wapi? Tangu mabasi ya mikoani yaruhusiwe tena kusafiri usiku mwaka 2023, tumezungumza sana, na kwa haki, kuhusu madereva wa masafa marefu na idadi ya saa wanazokaa kwenye usukani. Huyu wa Hiace ya watoto, ambaye safari yake ni fupi lakini siku yake ni ndefu kuliko ya dereva wa Mwanza, hatujamuuliza.

Bweni lingetarajiwa kuwa suluhisho, kwa kuwa hakuna foleni kati ya kitanda na darasa. Kenya wameliandika hilo vizuri. Kanuni zao za elimu ya msingi za mwaka 2015 zinasema masomo ya kutwa ni saa 2:00 asubuhi hadi saa 9:30 alasiri, na kwa bweni, saa 3:30 usiku hadi saa 12:00 asubuhi ni muda wa kulala. Hizo ni saa 8 na nusu, ndani kabisa ya kiwango cha kijana. Yeyote aliyekaa bwenini, Kenya au Tanzania, anajua jinsi kanuni ya namna hiyo inavyoliwa pande zote mbili. Prepo, yaani masomo ya usiku, inasogea hadi saa 5, kengele ya kuamka inasogea hadi saa 10, na katikati kuna wenye tochi chini ya shuka. Mwaka wa mtihani ndio balaa, shule inatangaza kambi ya kidato cha nne na wazazi wanachangia ili watoto wao wanyimwe usingizi kwa utaratibu. Ubongo hupanga na kukaza kilichosomwa mchana wakati mtu amelala. Kumwamsha saa 10 akasome alichokuwa anakihifadhi usingizini ni kung'oa mche ili uone kama umeshika mizizi.

Kwa nini basi shule zinafanya hivyo? Kwa sababu kuamka mapema kunaonekana kwa macho na kulala hakuonekani. Mzazi anayepita saa 11 alfajiri akaona taa za madarasa zinawaka anasema hapa pana nidhamu. Shule binafsi zinajua hilo, zinashindana kwa hilo, na mwalimu mkuu atakayekuwa wa kwanza kuzima taa anaogopa kupoteza wateja. Peke yake hawezi. Kwa hiyo lazima amri itoke juu, na itekelezwe kwa wote siku moja.

Pingamizi lenye uzito ni la mzazi mwenye ajira. Akiingia kazini saa 1:30, mtoto wa kuanza saa 2:30 atamwachia nani? Hapo ndipo Rwanda walipofanya jambo la akili, walisogeza ofisi pamoja na shule kwa tangazo moja. Gharama haikukosekana. Siku ya shule kule sasa inaishia saa 11:00 jioni, na kwetu ambako kuna tuisheni, madrasa na maji ya kuchota, jioni hiyo ingebanwa mno. Kijijini mtoto anayetembea kwa miguu angenufaika na mwanga wa asubuhi halafu akabanwa na giza la jioni kama ratiba ingerefushwa. Kwa hiyo sishauri tunakili ya Rwanda neno kwa neno. Ningeanza na madogo: darasa la awali hadi la nne lisianze kabla ya saa 2:00, usafi wa asubuhi uhamie mchana, mikoa ya magharibi iruhusiwe kuchelewesha kengele zaidi, na leseni ya gari la shule iwe na sharti la saa ambayo kabla yake hakuna mtoto anayepandishwa. Tunapanga nauli, tunapanga idadi ya abiria, tunapanga rangi ya gari, hatushindwi kupanga saa.

Wakati hilo linasubiri wakubwa, kuna linalowezekana muhula huu. Kwenye kikao cha wazazi ajenda huwa michango, sare na mahafali, na gari la shule hutajwa tu nauli inapopanda. Ombeni ratiba ya njia. Mtoto wa kwanza anapandishwa saa ngapi, wa mwisho saa ngapi, na wa kwanza asubuhi ndiye pia wa mwisho jioni? Mara nyingi ndiye, na kuzigeuza zamu hizo hakuhitaji fedha. Halafu muulizeni mhasibu njia ikigawanywa kwa magari mawili kila familia itaongeza shilingi ngapi kwa mwezi. Ana kikokotoo mezani.